Kipa Hafundishwi kwa Kupigwa Mipira

Barua zilizoifikia safu hii kwa miezi ya karibuni zimemhusu mtu mmoja zaidi ya wengine wote, naye ni mlinda lango wa mpira wa mikono. Nimechagua sita kati yake, na nafasi yote ya toleo hili nimempa yeye, kwa sababu nililinda lango kwa miaka kumi na miwili na ninajua jinsi ilivyo nadra kocha kumtengea kipa hata robo saa iliyo yake peke yake.

SWALI: Mwalimu mwenzangu, ninafundisha timu ya wasichana ya shule yetu inayojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania. Kipa wetu tulimpa nafasi hiyo kwa kuwa hana mbio. Kila jioni, mwishoni mwa mazoezi, wachezaji wote hujipanga kwenye mstari wa mita 9 na kumpigia mipira thelathini au arobaini, lakini badala ya kupata nafuu amezidi kuwa mwoga. Hufumba macho na kugeuza uso kila mpira unapotoka mkononi mwa mpigaji. Nianzie wapi? (Mwalimu wa michezo, Kahama)

JIBU: Anzia kwa kuiondoa hiyo mipira arobaini. Ninasema hivyo kwa heshima, maana karibu kila shule niliyopita nimelikuta zoezi hilohilo, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyoanzishwa. Zoezi la namna hiyo linawanufaisha wapigaji. Kipa linamfundisha jambo moja tu, kwamba mpira unauma, na mwili wake ukishalijua jambo hilo utajikinga kwa njia iliyo karibu, yaani kufumba macho.

Fikiria muda alio nao. Mpira wa kasi ya kilomita 60 kwa saa hutoka mita 9 hadi golini kwa muda unaozidi nusu sekunde kidogo tu, na ukiachiwa na mtu aliyerukia ndani ya eneo la goli, akiwa mita 4 kutoka kwa kipa, hutumia takriban robo sekunde. Jicho likishaona jambo, mwili huhitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kabla haujaanza kujibu. Kwa hiyo kipa anayesubiri mpira uwe hewani ndipo aamue la kufanya huwa ameshachelewa. Kinachomwokoa ni mahali alipojiweka kabla ya shuti, pamoja na kulisoma bega, kiwiko na kiganja cha mpigaji kabla mpira haujatoka. Hayo mawili ndiyo ya kufundishwa, na yote mawili hufundishwa polepole, tena mwanzoni mwa mazoezi, wakati mtoto hajachoka.

Kwa wiki mbili za kwanza shughulikia macho. Mpira wa wasichana wa umri wa sekondari kwa kawaida ni saizi 2, wenye mzingo wa sentimita 54 hadi 56 na uzito wa gramu 325 hadi 375. Wewe mchukulie saizi 1, au wa sponji, na kama huna, punguza upepo katika mpira mlio nao mpaka ubonyee kwa dole gumba. Andika juu yake tarakimu kubwa kwa kalamu ya wino mzito, 1 upande huu, 4 upande ule, 7 kwingineko. Simama mita 5 mbele yake na umrushie kwa upole, usawa wa kifua na mapaja, naye kazi yake isiwe kuuzuia mpira bali kutaja kwa sauti tarakimu aliyoiona kabla mpira haujamgusa. Hawezi kuitaja akiwa amefumba macho. Nilimfanyia hivyo binti mmoja aliyekuwa akigeuza shingo hata kwa mpira wa kurushiwa na mdogo wake, na siku ya tatu akaanza kubishana nami kwamba ile niliyoiita 1 ilikuwa 7. Nilipoitazama tena nikaona kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na tangu siku hiyo nikaanza kumwongezea kasi.

Baada ya macho, fundisha kusimama. Miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yakunjwe kidogo, uzito uwe kwenye nyayo za mbele na si kwenye visigino, mikono iinuliwe pande mbili hadi karibu usawa wa kichwa, na viwiko vikunjwe kidogo. Mabinti wengi wanaotoka kwenye netiboli huinua mikono mbele ya uso kana kwamba wanangoja pasi, na wavulana wanaotoka kwenye soka hushusha mikono na kujiandaa kujirusha. Waeleze wote kwamba kipa wa mpira wa mikono kazi yake si kudaka, bali ni kuuzibia mpira njia kwa mkono, mguu, kiwiliwili, kwa chochote alicho nacho, kwani ndani ya eneo lake la goli sheria inamruhusu kuuzuia kwa sehemu yoyote ya mwili. Na mpira ukimgusa kisha ukatoka nje ya mstari wa goli, hakuna kona, unabaki kuwa wake. Kipa akilijua hilo huacha kuhangaika kudaka mpira wa kasi, akautoa nje kwa kiganja na moyo ukatulia.

Sasa tafuta kamba mbili ndefu, hata za katani. Funga moja kwenye kila mlingoti wa goli, usawa wa kiuno, uzivute zote mbili hadi mahali anaposimama mpigaji, na mpigaji azishike pamoja mkononi. Mwambie kipa aingie katikati ya kamba hizo na ajitafutie mahali ambapo umbali wa kuifikia kamba ya kulia na ya kushoto unalingana. Mpigaji ahamie pembeni hatua tatu na kamba zake, na kipa ahame naye. Atashangaa, kama nilivyoshangaa mimi nilipofanyiwa, kuona kwamba kwa miezi mingi amekuwa akisimama katikati ya goli wakati mpira hauko katikati ya uwanja. Kisha chora kwa chaki upinde kutoka mlingoti hadi mlingoti, katikati yake pakiwa kama mita 1 mbele ya mstari wa goli, na hapo ndipo iwe njia yake ya kutembelea. Wapigaji watatu wapeane pasi kwenye mita 9 bila kupiga, naye aufuate mpira juu ya upinde kwa hatua fupi za pembeni bila kuvusha mguu juu ya mwenzake. Kila unapopiga kipenga wote wasimame, nawe umwendee uangalie mahali alipo. Dakika 5 za zoezi hili zinatosha kumtoa jasho, na hajapigwa hata mpira mmoja.

Ndipo ije mipira. Mara ya kwanza apige mmoja mmoja, kwa nusu ya nguvu, wote wakilenga mahali pamoja panapojulikana, kwa mfano juu kulia, kisha juu kushoto, kisha chini kulia, chini kushoto, halafu usawa wa nyonga. Kila mzunguko uwe na mashuti 6 au 8, na baina ya shuti na shuti kipa apewe nafasi ya kurudi kwenye mkao wake kamili. Hapo ndipo makocha wengi hukosea, maana mpira wa pili huja wakati wa kwanza bado unamwinamisha, na kwa kurudia hivyo kila siku mtoto hujifunza kuanza shuti akiwa ameinama. Kwa mipira ya juu, asukume kwa mguu ulio mbali na mpira, mwili mzima uende pamoja na mkono. Kwa mipira ya chini, mguu ulio karibu utoke kwa kuteleza, vidole vikielekea nje, na mkono wa upande huohuo ushuke pamoja na mguu, kana kwamba vimefungwa kwa uzi mmoja. Mkono ukibaki nyuma, mpira hupita juu ya goti. Mguu ukibaki nyuma, kipa huanguka.

Akishayazoea mashuti anayoyajua, mpe asiyoyajua, lakini kwa hatua: kwanza ajue upande na asijue kimo, kisha ajue kimo na asijue upande. Mwisho kabisa, tundika kanga kwenye kamba karibu na mstari wa mita 6, yaani mpaka wa eneo la goli, upindo wake wa juu ufike mabegani mwa mpigaji, ili kipa aone kichwa na mkono tu kama vile kuna mabeki mbele yake. Zoezi hili la kanga ndilo nilipendalo kuliko mengine yote, kwa sababu linamlazimisha kipa kuacha kuutafuta mwili wa mpigaji na kuutazama mkono, na mkono haufichi mengi. Kiwiko kikiwa juu ya bega na kiganja kikiwa nyuma ya mpira, shuti lina nguvu na njia yake imenyooka. Kiganja kikianza kulala pembeni ya mpira, jua kwamba mpigaji anataka kuupinda au kuudundisha.

Na jambo moja nje ya swali lako, mwalimu mwenzangu: usimwambie tena binti huyo, wala wenzake wasimwambie, kwamba yuko golini kwa sababu hana mbio.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni kipa wa kidato cha tatu na kimo changu ni sentimita 158. Kocha wetu anasema nina bidii lakini mipira ya juu itanipita siku zote, na kwamba wanatafuta msichana mrefu. Je, kuna mazoezi yatakayonisaidia, ama nihamie nafasi nyingine? (Kipa, Kakamega)

JIBU: Sijambo, mwanangu. Sitakudanganya kwamba kimo hakina maana. Kipa Niklas Landin wa Denmark ana takriban mita 2, na goli lenyewe lina kimo cha mita 2 na upana wa mita 3, hivyo akiinua mikono tu, mpigaji haoni mengi. Lakini goli ambalo mpigaji analiona hubadilika kulingana na mahali unaposimama wewe, na hapo ndipo penye msaada wako.

Chukua hesabu hii. Mpigaji yuko katikati, mita 6 kutoka goli. Ukisimama kwenye mstari wa goli, una mita 3 kamili za upana wa kulinda. Ukitoka mita moja na nusu kumfuata, upana wa kulinda hapo ulipo ni mita 2 na robo. Umempunguzia robo ya goli kwa hatua mbili, na mpira wa kwenda kwenye pembe ya juu, ambao hupanda njia nzima hadi mtambaa wa panya, unapopita karibu nawe huwa haujafika kimo chake cha mwisho. Kipa mfupi anayebaki nyuma amejiongezea ufupi. Lakini usitoke kwa kila mtu. Mpigaji wa mita 9 anao muda wa kukuona ukitoka na kuunyanyua mpira juu ya kichwa chako, kwa hiyo kwake baki kwenye upinde wako wa kawaida. Mtokee yule aliyevunja ukuta wa mabeki na kurukia ndani, ambaye macho yake yako kwa beki na kwa mpira, tena utoke wakati anaruka na usimame imara kabla hajaachia. Shuti likikukuta ungali unatembea, miguu yako haina uwezo wa kusukuma upande wowote.

Zoezi lake ni rahisi. Chora alama ya chaki mita moja na nusu mbele ya mstari wa goli. Mwenzako aanzie mita 9 na mpira, audundishe mara moja na kuruka kwenye mita 6. Wewe uanzie kwenye upinde, utoke anaponyanyua mguu, miguu yako miwili iwe imetua kwenye alama kabla mkono wake haujaja mbele. Mara 10 asiachie mpira kabisa, aruke tu, ili ujifunze muda wa kutoka. Kisha apige. Mbali na hilo, jenga miguu: ruka kwa mguu mmoja kwenda pembeni juu ya kamba iliyofungwa usawa wa goti, ukigusa kwa kiganja alama iliyo karibu na pembe ya juu ya goli, mara 6 kila upande, upumzike, urudie mara 3. Fanya hivyo siku mbili au tatu kwa wiki na si zaidi, maana magoti yako bado yanakua.

Usihame nafasi. Kipa wa Angola, Teresa Almeida, alikuwa na uzito wa takriban kilo 98 katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, umbo ambalo makocha wengi wangelikataa kwa kulitazama tu, na timu yake ilifika robo fainali yeye akiwa golini.

SWALI: Ninafundisha klabu ya wanaume. Tatizo letu ni mawinga. Kipa wetu ni hodari kwa mashuti ya mbali, lakini mtu akiruka kutoka pembeni anafungwa kwenye mlingoti wa karibu, na akijaribu kuuziba anafungwa mlingoti wa mbali. Tumfanyie mazoezi gani? (Kocha, Mombasa)

JIBU: Kipa wenu, nadhani, anaruka mapema, kwa sababu shuti la winga linamwonyesha jambo moja mwanzoni na jambo jingine mwishoni. Winga anayeruka kutoka kwenye mstari wa mita 6, akiwa mita 2 tu mbele ya mstari wa goli, hulitazama goli kwa pembe nyembamba ya takriban nyuzi 6 na nusu. Akielea karibu mita 2 kuelekea katikati, pembe hiyo hufika karibu nyuzi 14. Goli limepanuka zaidi ya mara mbili akiwa angali hewani. Winga mzuri anajua hilo na husubiri, na kipa anayeamua wakati wa kuruka kwake anakuwa amejibu swali la kwanza wakati la pili ndilo litakaloulizwa.

Mfundisheni kuanzia mlingotini. Mguu wa karibu ugusane na mlingoti au uwe kiasi cha upana wa kiganja kutoka hapo, mkono wa karibu unyooshwe juu kufuata mlingoti bila kuacha tundu kati ya sikio na mkono, na mkono wa pili uwe tayari upande wa nje, usawa wa bega. Hapo njia ya karibu imefungwa na hahitaji kuifikiria tena. Winga anapoelea kuelekea ndani, kipa naye atoke hatua moja fupi, kisha nyingine ikibidi, akiongozana na mpira na si na mwili wa winga, huku kifua chake kikiutazama mpira wakati wote. Mguu wa mbali huinuka au kuteleza mwisho kabisa, mkono wa winga unapokuja mbele.

Zoezi lifanyike katika sehemu tatu. Katika ya kwanza wekeni alama tatu ardhini kufuata njia ya winga hewani, na kocha mwenyewe asimame juu ya kiti au benchi kwenye kila alama akiwa na mpira, ili kipa aone kwa utulivu ni kiasi gani cha goli kinachoonekana kutoka hapo na ajirekebishe. Ninasisitiza benchi, kwa sababu winga huachia mpira akiwa juu, na kipa aliyezoeshwa na kocha aliyesimama chini hujifunza pembe zisizokuwepo. Katika ya pili winga aruke, lakini aagizwe kupiga mlingoti wa mbali tu, mashuti 8, ili kipa aizoee hatua ya kutoka. Katika ya tatu winga awe huru, na kila shuti kipa aeleze kwa sentensi moja alichokiona. Akisema «nilidhani», mrudisheni kwenye sehemu ya pili, kwa kuwa amekisia. Akisema «kiganja kiligeuka», mwacheni aendelee hata kama amefungwa.

Mzungumzeni pia na beki wa pembeni, maana kipa hawezi kulibeba jambo hili peke yake. Beki akimsukumia winga nje, pembe hubaki nyembamba na kipa anabaki mlingotini. Akimwacha aingie ndani, hakuna zoezi litakalotosha. Wakubaliane wao wawili kabla ya mchezo ni upande upi wa goli utakaokuwa wa nani.

SWALI: Mwalimu, naomba kujua kwa ufupi namna ya kujizoesha kwa penalti ya mita 7. (Kipa wa timu ya mtaa, Mwanza)

JIBU: Kwanza jua uwanja wako. Alama ya kipa iko mita 4 kutoka mstari wa goli, na huruhusiwi kuivuka kabla mpira haujatoka mkononi mwa mpigaji. Mpigaji ana sekunde 3 baada ya kipenga, na mguu wake mmoja lazima ubaki chini. Ukisimama kwenye alama hiyo, umbali kati yenu ni mita 3, na upana wa goli unaopaswa kuuziba hapo hauzidi mita 1.3, lakini juu ya kichwa chako umeacha njia nyeupe. Ukibaki karibu na mstari wa goli, mpira wa kunyanyuliwa hauna nafasi, ila pembe zote nne ziko wazi.

Jizoeshe kubadilisha. Mwenzako akupigie penalti 12, nne ukiwa umetoka, nne ukiwa nyuma, na nne ukianzia nyuma na kutoka hatua moja anaponyanyua mkono. Mwombe adanganye kwa mkono angalau mara moja kabla ya kuachia, kwa kuwa wapigaji karibu wote hudanganya mara moja, na kazi yako ni kuuacha udanganyifu wa kwanza upite bila kuinua mguu. Hesabu ni mara ngapi mguu wako ulinyanyuka kwa udanganyifu. Mradi idadi hiyo inapungua, unaendelea vizuri, hata kama mabao bado yanaingia.

SWALI: Dada yangu, mwanangu wa miaka 16 ni kipa. Wiki ya tatu sasa analalamika kiwiko cha kulia kinauma akinyoosha mkono, na juzi alipigwa mpira wa uso mazoezini, akakaa chini kidogo kisha akaambiwa aendelee. Mimi si mtu wa michezo, sijui kama ni mambo ya kawaida. (Mama wa kipa, Morogoro)

JIBU: Dada yangu, hayo ni mambo mawili, na la pili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, kwa hiyo naanza nalo. Mtoto akipigwa kichwani au usoni hapaswi kurudishwa golini siku hiyo akiwa na kizunguzungu, kichefuchefu, maumivu ya kichwa, macho kuona ukungu, au akijibu maswali kwa kuchelewa. Apelekwe hospitali, na arudi mchezoni pale daktari atakaporuhusu. Dalili nyingine hujitokeza usiku au siku ya pili, basi mwangalie, na kama umeona lolote kati ya hayo tangu juzi, usisubiri toleo lijalo, mpeleke leo. Wenye mchezo wenyewe wameliona tatizo hili. Tangu Julai 2022 sheria za kimataifa zinamtoa nje kwa dakika 2 mpigaji ambaye, bila beki mbele yake, anampiga kipa kichwani. Mazoezini hakuna mwamuzi, kwa hiyo kocha ndiye mwenye wajibu wa kuweka kanuni kwamba wakati wa kupasha mwili moto hakuna shuti linalopita karibu na kichwa, na anayevunja kanuni hiyo hapigi tena siku hiyo.

Kiwiko kinajulikana sana kwa makipa wa mpira wa mikono. Kipa anapouzuia mpira kwa mkono ulionyooka kabisa, mpira huusukuma mkono nyuma kupita mwisho wake wa kawaida, na jambo hilo likirudiwa mara nyingi kwa wiki, kano na misuli ya upande wa ndani huvimba. Wiki tatu za maumivu zinatosha kumwona daktari au mtaalamu wa viungo. Mpaka hapo apumzishwe mashuti, ingawa anaweza kuendelea na mazoezi ya miguu na ya kujipanga. Atakaporudi, kocha amkague kama anafunga viwiko anapoinua mikono. Kiwiko kilichokunjwa kidogo hupokea mpira na kulegea nao. Misuli ya mkono pia inahitaji nguvu: abinye mpira wa tenisi, akunje kiganja akiwa ameshika chupa ya maji ya nusu lita, taratibu, mara 15 kwa kila mkono. Kwa upande wako, mwulize kocha mwanao hupigiwa mashuti mangapi kwa wiki. Kocha asiyeijua hesabu hiyo atakuwa amejifunza kitu kwa swali lako.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Shuleni kwetu hatuna kocha wa makipa, na wenzangu wakifanya mazoezi ya kushambulia mimi hukaa tu. Ninaweza kufanya nini peke yangu? Tena nikishaokoa mpira, pasi yangu ndefu haifiki. (Kipa, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Unachohitaji ni ukuta na mpira wa tenisi. Simama mita 3 kutoka ukutani katika mkao wako kamili, rusha mpira kwa mkono wa kulia, uuzuie kwa kiganja cha kushoto, kisha ubadilishe. Ukizoea, rusha kwa pembe ili urudi pembeni yako na ulazimike kupiga hatua. Akitokea mwenzako hata kwa dakika 5, asimame nyuma yako na kuurusha ukutani juu ya bega lako bila kukuambia upande, nawe uuzuie ukirudi. Hutaona mkono wake, utaona mpira tu, na macho yako yatajifunza kuharakisha. Fanya kwa vipande vya sekunde 20, pumzika sekunde 40, mara 8. Ukiendelea kwa muda mrefu zaidi unakuwa unafanyia kazi pumzi, na wepesi hupotea.

Kila siku, mwishoni, fanyia kazi nyonga. Kaa chini mguu mmoja ukiwa umenyooshwa mbele na mwingine umekunjwa pembeni, kama mruka viunzi, shikilia sekunde 30, kisha ubadilishe. Kwenye uwanja wa saruji vaa suruali ndefu na utandike mkeka, maana kipa mwenye ngozi iliyochubuka huacha kuteleza bila yeye mwenyewe kujua.

Kuhusu pasi, nguvu si tatizo lako, naamini, ila haraka. Uwanja una urefu wa mita 40, na pasi inayoanzisha shambulizi la kushtukiza mara nyingi haihitaji kuvuka nusu yake kwa mbali. Okoa, uuinue mpira, kisha tazama, ndipo urushe. Ukitazama baada ya kuvuta mkono nyuma umeshachelewa. Wenzako wanapofanya mazoezi ya kushambulia, omba mipira 10, uende kwenye goli la pili na uweke tairi kuukuu karibu na mstari wa kati, upande wa kulia, na jingine upande wa kushoto. Ugongeshe mpira mlingotini kwa mkono, uukimbilie unapodunda, uinue macho, urushe uelekee tairi ambalo umejitajia kwa sauti kabla ya kuunyanyua. Mguu ulio kinyume na mkono unaorusha utangulie mbele, na kiuno kigeuke kabla ya bega. Lazimisha mpira ufike tairini kwa kudunda mara moja kwanza, kisha bila kudunda. Tangu mwaka 2016 timu nyingi humtoa kipa wao ili washambulie wakiwa saba, na wakati huo goli lao huwa tupu. Kwa hiyo ukishaweza tairi, sogeza shabaha hadi ndani ya goli la mbali, na usisahau kwamba kabla hujarusha miguu yako lazima iwe ndani ya eneo lako la goli, kwani ukivuka mstari wa mita 6 na mpira mkononi mwamuzi atawapa wapinzani.